Wa Mwisho Ndiye Aanzaye Kusema

Katika mbio tano kubwa nilizompimia muda, Mkunga alikuwa wa mwisho mara nne. Mara ya tano alikuwa wa pili kutoka mwisho. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu yeye mwenyewe aliikubali na hakupenda mtu aipambe. "Usiseme nilikuwa miongoni mwa waliojitahidi," aliniambia siku moja nilipokuwa naandika taarifa ya kikundi. "Sema nilikuwa wa mwisho. Hata wa mwisho ana nafasi yake."

Jina lake nalijua, na wanawake wengi wa Kasulu waliojifungulia kituo chetu cha afya wanalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Kazini walimwita Sista, kama wauguzi wote. Kwenye kikundi chetu cha mbio alikuwa Mkunga. Serikali ilikuwa imemhamishia kwetu kutoka Mbulu, na hapo ndipo tulipokosea. Ukimtajia Mbulu Mtanzania yeyote anayefuata riadha, anaona mkimbiaji mwembamba anayepanda mlima huku akipiga mluzi. Siku aliyojiunga nasi, vijana walikonyezana: leo tumepata mtu. Kufika kilomita ya tatu tulikuwa hatumwoni tena nyuma yetu.

Aliporudi, tukiwa tumeshapoa, Mwalimu wa Hesabu akashindwa kujizuia. Huyu alikuwa kijana wa Tanga aliyepangiwa shule ya sekondari hapa mjini, na ndiye aliyekuwa na kasi kuliko sisi sote.

"Sista, Mbulu yote ile, wakatuletea wewe?"

Mkunga alikuwa bado ameinama, mikono magotini. "Wenye mbio waliondoka mbio," akasema. "Serikali ilipofika ilinikuta mimi."

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alikimbia akiwa amevaa sketi ndefu juu ya suruali ya trakisuti, raba za mtumba, na leso nyeupe ameikunja katika kiganja cha kulia. Hakuipangusia jasho. Nilimuuliza ya nini. Akasema mkono usio na kitu hujikunja ngumi, na ngumi inachosha bega. Nilijaribu Jumamosi iliyofuata, nikaona ni kweli, nikaandika. Mimi natunza stoo ya pembejeo na shule niliishia darasa la saba. Mengi ninayoyajua nimeyapata kwa kujaribu na kuandika. Barabara yetu ya mazoezi niliipima mwenyewe kwa gurudumu la baiskeli, nikafunga kitambaa chekundu kwenye spoku na kuhesabu mizunguko hadi mahali pa kugeuzia na kurudi. Kwa hiyo kazi ya saa na daftari iliniangukia mimi.

Jambo alilolitaka Mkunga lilikuwa moja, na kila mtu kikundini alilijua. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, mjini kwetu kuna mbio za kilomita ishirini na moja: unatoka uwanjani, unashika barabara ya Kibondo, ile ile ya mazoezi yetu, unageuza, unarudi. Kamati inayoziandaa iliweka kikomo cha dakika mia na themanini. Dakika hizo zikiisha, nguzo mbili za mwisho zinang'olewa na vipaza sauti vinapakiwa garini. Anayefika baada ya hapo anaandikwa HM, hakumaliza, hata kama amefika kwa miguu yake mwenyewe. Mkunga alitaka kuandikwa muda mbele ya jina lake kabla hajafikisha miaka sitini, kwa sababu akifika sitini angestaafu na kurudi kwao.

Kabla yake, Jumamosi zetu zilikwisha vipande vipande. Wenye mbio walifika, wakanyoosha misuli, wakapiga picha, wakaondoka. Waliochelewa walikuta nyasi zimelala mahali wenzao walipokuwa wamekaa. Mwezi wa pili wa kuwa nasi, Mkunga alikuja na chupa mbili za chai zilizojaa uji wa ulezi, akaziweka kando ya ukuta wa uwanja, akatangaza kwamba uji hautamiminwa mpaka mtu wa mwisho afike. Ilikuwa Julai, na asubuhi za Julai kwetu vidole vinakufa ganzi. Hakuna aliyeondoka.

Uji ulipomiminwa, akatoa sharti la pili. Kila mtu angesimulia mbio yake, na wa mwisho ndiye angeanza. Siku hiyo wa mwisho hakuwa yeye. Alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Kitanga, mkulima wa maharage, aliyekuja mjini kila Ijumaa na magunia yake ya soko, akalala kwa dada yake, na Jumamosi akakimbia nasi.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa na haraka. "Sista, mimi nimefika wa kwanza. Naanza mimi."

"Umekaa barabarani dakika ngapi?"

"Themanini na tano."

"Mwenzako amekaa mia na tisini. Nani ana habari nyingi?"

Mwalimu akanywa uji wake. Mkunga akamgeukia yule mama na kumuuliza swali ambalo baadaye lilikuwa swali letu sote: "Ulitaka kuacha wapi?"

Mama wa Kitanga aliona haya, akacheza na ncha ya khanga. Kisha akasema, "Pale kwenye mikaratusi. Niliona kivuli, nikasema, kivuli kizuri hivi kinaachwaje? Nikakaa. Kweli nilikaa, Sista, siwezi kukudanganya. Akapita mzee anasukuma baiskeli ya ndizi. Akaniuliza, umefiwa? Nikamwambia hapana mzee, niko mbioni. Akasema, mbioni umekaa? Aibu ndiyo iliyoninyanyua."

Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Lakini niliona jambo, nikaliandika: katika mazoezi ya miezi mingi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kikundi chetu kusema mbele ya wengine kwamba alikaa. Wiki iliyofuata karani wa mahakama alisema alitembea kilomita mbili nzima. Baada ya mwezi, Mwalimu wa Hesabu mwenyewe akakiri kwamba kwenye kilima cha kurudi huwa anamtukana aliyekichonga.

Sharti hili alilibeba popote. Mwaka mmoja wakimbiaji wa Kibondo walitualika kupanda nao kilima cha Murungu. Walitupokea vizuri, "Mwakeye, mwakeye," mikono miwili, ndizi za kuchoma tayari. Baada ya mbio Mkunga akataka wa mwisho aanze. Bingwa wao, kijana mrefu mwenye saa kubwa mkononi, akasema yeye hajawahi kutaka kuacha.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mama."

"Basi wewe hujakimbia bado," Mkunga akasema. "Ulikuwa safarini."

Wenzake walimzomea njia nzima ya kurudi mjini. Naambiwa hadi leo wanamwita Msafiri.

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tulikuwa na mwenzetu mmoja, Mkongomani wa makamo aliyeuza sabuni za vipande kambini. Tulimwita Papa. Kutoka kambini kulihitaji kibali, na kibali kilikuja au hakikuja. Kilipokosekana, Papa alikimbia humo humo, akizunguka njia za kambi kwa saa ile ile tuliyokimbia sisi, kisha akatuma sauti kwa simu. Wengine walisema hiyo haihesabiki. Mkunga aliuliza kwa nini, wakasema kwa sababu hatukumwona. "Hata mimi hamnionagi," akasema. "Mko mbele." Tangu siku hiyo simu iliwekwa juu ya ukuta wa uwanja, na zamu ya Papa ilipofika kwa mujibu wa muda wake, ilifunguliwa.

"Mama Mkunga," sauti ilisema siku moja, na nyuma yake jogoo na watoto, "leo nilitaka kuacha kule ku robine, pale bamama beko nachota mayi. Banacheka! Banasema, Papa, nani anakufukuza? Nikabaambia hapana, hakuna mutu ananifukuza, ni mimi niko nafukuza bale ba Kasulu."

Mkunga aliicheza sauti ile mara tatu. Halafu akamjibu: "Umetukosa kidogo tu, Papa."

Nikisema hivi, msomaji anaweza kudhani alikuwa mtu mpole. Hakuwa. Aligombana na karibu kila mtu mwenye mamlaka mjini, na wengine wasio nayo. Vijana wa bodaboda wa kona ya soko walikuwa na mchezo wa kumwita kila alipopita: "Bibi, panda nikupeleke, mbio zimeisha jana!" Alijibu bila kupunguza mwendo, kwa kuwa mwendo wenyewe haukuwa wa kupunguzwa: "Na wewe umekaa hapo tangu jana." Daktari kijana wa hospitali alimwonyesha picha ya goti lake dhidi ya mwanga wa dirisha, akamwambia aache mbio mara moja. Mkunga akaiangalia kwa makini, kama mtu wa kazi. "Daktari," akasema, "goti ni langu. Wewe una picha yake tu." Akaendelea kukimbia, na goti likaendelea kuvimba, na Jumapili kanisani alikaa benchi la mwisho ili aunyooshe mguu kwenye njia. Sisi wengine alitukataza kabisa kukimbia na maumivu. Mtu akichechemea alimwondoa barabarani kwa nguvu.

Alichukia kupigiwa makofi. Unajua ile desturi: mtu wa mwisho akitokea, wote wanasimama na kushangilia kuliko walivyomshangilia wa kwanza. Tulimfanyia hivyo mara moja. Alisimama katikati ya njia. "Mnashangilia nini? Mimi si mgonjwa aliyeamka." Lakini yeye mwenyewe aliwashangilia wengine kwa sauti ya kupasua masikio, na nilipomwonyesha kwamba hizo ni sheria mbili, alisema ndiyo, ni mbili, na zote ni zake.

Aliwaambia watu kasi si kitu, kisha jioni akapita stoo, akainamia kaunta na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Leo nimempita karani kwa sekunde ngapi?" Nilimtajia. Akaondoka ameridhika.

Mara moja tu nilimsikia akikataa kuchanganya kazi yake na mbio zake. Mchungaji mmoja aliyetutembelea alitoa mfano mzuri, kwamba kukimbia ni kama uchungu wa kuzaa. Wanaume wote tukatikisa vichwa. Mkunga akasubiri amalize. "Si kweli, Mchungaji," akasema. "Mbio unaweza kuacha. Ndiyo maana usipoacha ni neno."

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mbio tatu za kwanza, waliomwandika HM walikuwa makarani wa kamati. Mwaka wa nne kamati ilisikia kuhusu daftari langu, ikaniita niwe karani wa mwisho: meza, kivuli cha turubai, fulana yenye neno MUDA mgongoni. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilipiga mistari kwa rula siku mbili kabla. Dakika mia na themanini zilipotimia, nguzo ziking'olewa mbele yangu, nikaandika HM mbele ya majina mawili yaliyobaki: mama wa Kitanga, aliyekuwa ameacha njiani kwa kuumwa tumbo, na Mkunga. Ndivyo nilivyoelekezwa. Saa yangu ilikuwa bado inatembea mfukoni, kwa mazoea. Mkunga alifika kwenye dakika ya mia na tisini na moja, akapita kati ya mashimo mawili ya nguzo, akaja mezani.

"Umeandika nini?"

"HM."

"Kirefu chake?"

"Hakumaliza."

"Mimi niko wapi sasa hivi?"

"Uko hapa."

"Nimekuja na gari?"

"Hapana, Mkunga."

Aliivuta karatasi, akaitazama. Mistari yangu ilikuwa imenyooka. "Umeandika uongo," akasema, "kwa mwandiko mzuri."

Nilijitetea kwa kanuni. Nilisema karani hatungi sheria. Nilisema mengi, na yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililogusa alichosema. Watu wananijua mjini kwa jambo moja, kwamba nikisema gunia lina kilo hamsini, lina kilo hamsini. Hapo nilikuwa nimemwandika mtu aliyesimama mbele yangu kwamba hayupo.

Hakusema nami wiki mbili. Wiki ya tatu nilikwenda kwenye kamati, nikaomba kila afikaye aandikwe muda wake, na wale waliopita kikomo watiwe alama kando ili wasipewe medali. Walikataa. Nikamfuata Mkunga kituoni, nikamwambia nitajiuzulu. Alikuwa anapanga glavu kwenye kabati, hakugeuka.

"Ukijiuzulu watamweka mtu mwenye mwandiko mbaya," akasema. "Kaa hapo hapo. Mwaka ujao nitakuja kuangalia."

Mara ya mwisho nilipomwona akikimbia ilikuwa huo mwaka uliofuata. Barua ya kustaafu ilikuwa imeshatoka. Baada ya wiki tatu angepakia vitu vyake na kuondoka Kasulu. Miezi yote hiyo alikuwa amefanya mazoezi siku nne kwa wiki, goti limefungwa bandeji, akitoka kabla ya zamu. Tulijua hakuna mbio nyingine. Asubuhi ile hakuna aliyemtakia heri, kwa sababu tulijua angetujibu vibaya.

Mwalimu wa Hesabu alishinda. Karani wa mahakama alifika, wengine wakafika. Dakika mia na hamsini. Mia na sitini. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa mbao aliyevaa kofia ya pama, alikuwa ameshaanza kuwaita vijana wenye spana. Kwenye dakika ya mia na sabini na tano ile sketi ikatokea kwenye kona ya soko. Wenzangu walisimama, na nawasifu kwa hilo: hakuna aliyepiga makofi. Alikuja kwa mwendo wake ule ule, uso umekunjamana, leso mkononi, akapita kati ya nguzo. Mia na sabini na saba, na sekunde arobaini.

Hakuinua mikono. Alikuja moja kwa moja mezani.

"Soma."

Nikasoma jina lake na muda.

"Kwa sauti."

Nikasoma kwa sauti. Alifumba macho wakati nasoma. Kisha akafungua chupa ya maji, akanywa nusu, akauliza, "Nani bado?"

"Mama wa Kitanga."

"Nilimwacha kwenye mikaratusi. Anakuja."

Dakika mbili baadaye Mwenyekiti alipuliza filimbi. Vijana wawili wakaja na spana zao kwenye nguzo ya kushoto. Mkunga alifika kabla yao. Akakaa juu ya chuma cha chini, kile kinachoishikilia nguzo, akaunyoosha mguu mbovu mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayepanga mzigo.

"Mama, muda umekwisha," Mwenyekiti akasema.

"Wako umekwisha. Yeye yuko barabarani."

"Sheria ni sheria, Sista. Wewe si umeshapata wako? Nguzo hizi ni za kukodi."

"Basi zing'oe na mimi. Utazirudisha na mtu juu yake."

Mwenyekiti akamwashiria kijana mwenye spana. Kijana akaiangalia spana, akamwangalia Mkunga, akacheka kwa haya. "Bosi, huyu ndiye aliyemzalisha mke wangu. Mapacha. Mimi simgusi."

Mwalimu wa Hesabu, medali ya kwanza ikiwa bado shingoni, alivuka uwanja akaenda kukaa kwenye chuma cha nguzo ya kulia. Karani wa mahakama akamfuata. Kisha wengine, mmoja mmoja, hadi nguzo zote mbili zikawa na watu chini yake kama wanaosubiri basi. Simu ya kikundi ikalia. Ilikuwa sauti ya Papa kutoka kambini, amemaliza zake, anauliza nani bado. Mtu akamjibu, "Mmoja. Tumekaa."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Wewe, funga daftari."

"Saa bado inatembea," nikasema.

"Mwakani hutaipata kazi hii."

"Sawa. Leo ninayo."

Alisimama pale, filimbi mdomoni bila kuipuliza. Jua lilikuwa limepanda, na bodaboda za soko zilikuwa zimeanza kukatiza njia ya mbio. Mkunga hakuangalia barabara hata mara moja. Alikuwa anafungua kamba ya raba yake, pole pole, na kuifunga upya.

Mama wa Kitanga alitokea kwenye dakika ya mia na tisini na sita, amefunga khanga kiunoni, vumbi jekundu hadi magotini. Alipoona watu wamekaa chini, gari limefunguliwa mlango wa nyuma, na vijana wamesimama na spana, alipunguza mwendo. Hatua kumi kabla ya nguzo akasimama kabisa.

"Jamani," akasema, "mbona mmekaa? Imeisha?"

"Bado," Mkunga akasema, bila kuinuka. "Pita hapa katikati."